Wekundu wa Ukutani

Kitu cha kwanza Kimya kukigundua ni kwamba wekundu ulikuwa umepungua.

Kila asubuhi alipiga deki chumba cha wachambuzi wa picha za setilaiti. Ukutani picha zilibandikwa kwa kufuatana, kuanzia za miaka ya nyuma hadi ya juzi. Hakuna aliyemwambia ni za wapi, lakini ule mto uliopinda kama kiwiko aliujua: ni kwao. Picha ya kwanza ilikuwa nyekundu tupu, kama ngozi iliyoungua. Ya mwisho ilikuwa ya kijivu, na uzi mwembamba tu wa wekundu kandokando ya mto.

Moto umezimika, aliwaza. Nchi imepoa.

Kuuliza? Thubutu. Jina lake la utani halikumjia bure. Aliacha shule akiwa la tano, na mbele ya watu wale ulimi wake uliganda. Basi akampigia simu mama yake, ambaye ukame ulikuwa umemkimbiza na mbuzi wake hadi kwa mama mdogo.

"Mama, kwetu kumepoa. Nimeona kwenye picha zao."

Mama akawatangazia majirani: mwanawe anaiona dunia kutoka juu!

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mama kurudi nyumbani na mbuzi wake. Lori lilikuwa limekodiwa.

Kimya alikuwa anafuta dirisha wakati Miwani, mchambuzi aliyependa utani kuliko wenzake wote, alipobandika picha mpya. Hata ule uzi haukuwepo tena.

"Kwisha habari yake," Miwani akasema.

"Afadhali," likamponyoka Kimya.

Miwani akageuka. "Kumbe una sauti! Afadhali nini, dada?"

"Si... moto umeisha?"

"Moto gani tena?" Akacheka, kisha akauona uso wake, akaacha. "Dada yangu, huo wekundu ndio majani. Majani mabichi yanarudisha mwanga ambao macho yetu hayauoni, ila setilaiti inauona. Sisi tunaupaka rangi nyekundu ili tuuone. Palipo pekundu ni pazima. Hapa," akagusa kijivu, "hata mizizi imekata tamaa."

Kitambaa kikamdondoka Kimya. Alipokuja kujitambua alikuwa ameshaipiga ndoo teke, maji yametapakaa chumba kizima, naye yuko koridoni, simu sikioni, inaita, inaita.

"Eeh, mtaalamu wangu!" Mama alikuwa anacheka. Nyuma yake mbuzi walilia na injini ilinguruma. "Tumeshapakia. Kabaki yule mweusi wako, kagoma, dereva anamsukuma matako."

"Mama, mwambie dereva azime gari."

"Nini? Hebu ongea kama watu, sikusikii."

"Azime gari! Mama, azime gari!"

Hakuwahi kupiga kelele namna ile maishani mwake. Milango ikafunguka, watu wakachungulia. Kule upande wa pili injini ikakohoa, ikanyamaza.

"Umenishtua, mwanangu," mama akasema polepole. "Kuna nini? Si wewe uliyesema kumepoa? Si wewe unayezijua hizo picha?"

Kimya akaegemea ukuta. Viatu vyake vilikuwa vinachuruzika maji.

"Sizijui, mama," akasema. "Sikuwahi kuzijua. Niliona haya kuuliza."