Choo cha Shule Hakina Mlango

Binti wa kinyozi alikuwa na miaka saba alipoanza kujichafua. Si mkojo, choo kabisa. Chupi ikikutwa nyuma ya kabati, au imesokomezwa chini ya godoro, akiulizwa hujibu, "Sijui." Darasani wakambandika jina: Bomba, eti anavuja. Siku moja alimng'ata mwenzake aliyemwita hivyo, na mwalimu akamwita baba mtu.

Kinyozi alirudi amevimba kwa hasira.

"Mtoto mzima! Unafanya makusudi?"

"Sisikii ikija, baba."

Akashika mkanda. Shangazi wa mtoto, aliyekuwa akiishi nao, akasimama katikati. "Kaka, juzi ulimchapa. Huo mkanda umefua chupi ngapi?"

Asubuhi wakampeleka zahanati. Daktari alimlaza, akambonyeza tumbo, kisha akamwambia kinyozi aguse. Chini, upande wa kushoto, palikuwa pagumu kama kigogo.

"Ni choo kilichokaa siku nyingi," daktari alisema. "Utumbo umetanuka mpaka hausikii tena. Kile chepesi kinapenya pembeni, kinatoka bila yeye kujua."

"Kwa hiyo si ukaidi? Hata kumng'ata mwenzake?"

"Ungenuka na kuchekwa kila siku, wewe usingeng'ata mtu?" Akamgeukia mtoto. "Ilianzaje, mama?"

"Siku moja nikienda choo iliniuma sana. Halafu choo cha shule hakina mlango. Nikawa nabana."

Kinyozi aliinamisha kichwa. Nje alichuchumaa mbele ya bintiye. "Nisamehe, mwanangu. Nimekupigia ugonjwa."

Walipewa dawa ya kulainisha, na agizo la kukaa chooni kila baada ya kula, bila kuharakishwa. Mwanzoni mambo yalizidi kuharibika. Shangazi alifua bila kuguna. Mwalimu alimruhusu kutumia choo cha walimu. Jioni kinyozi aliweka kigoda nje ya mlango wa choo, akisimulia vituko vya wateja, kama yule mwenye upara aliyetaka apunguziwe "kidogo tu, zisiishe." Kicheko kikasikika ndani. Mengine nayo yakafuata.

Kupona kulichukua miezi. Katikati yake, siku moja alitoka shule amejichafua, lakini hakujificha. Alipenya kati ya wateja saluni, akamnong'oneza baba yake, "Imetoka tena."

Kinyozi akazima mashine. "Twende nyumbani, mama."

Mteja akabaki kitini, kichwa nusu.