Shimo Lisilo na Fundo

Shimo lililomuua Leonidas nililichimba mimi. Nalisema hapa mwanzo ili msomaji asihangaike kumtafuta mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile ya malale. Watu wa vijiji vyetu vya upande wa Bisibo tulihamishwa, tukaambiwa tujenge pamoja huku Nemba, nyumba karibu na nyumba, na tufyeke vichaka vyote ili mbung'o wakose kivuli. Wapo walionung'unika. Mimi sikunung'unika sana, maana nilikuwa nimeona watu wakisinzia na chakula mdomoni mpaka wakafa. Rafiki yangu Leonidas alimzika huko binti yake Adelfina, wa miaka sita, wiki mbili kabla ya kuhama. Alimzika nyuma ya zizi la mbuzi, akapanda maua mekundu juu yake, na siku ya kuhama alibeba mlango wa nyumba kichwani bila kugeuka nyuma.

Vijiji vya zamani vikabaki mahame. Nyumba zilianguka, migomba ikasongwa na nyasi, wanyama wakarudi. Kuingia huko kulitaka cheti kutoka boma. Warina asali walipewa, na wawindaji wachache, mimi na Leonidas tukiwamo. Cheti kiliandikwa jina lako na mwezi wa kutolewa, basi. Namna ya kukaa na wenzako porini hakikusema. Hiyo tulikuwa nayo wenyewe tangu kwa baba zetu.

Ukimkuta mnyama amenasa katika mtego wa mwenzako, unammaliza asiteseke, unamfunika matawi, unakwenda kumwambia mwenyewe. Aliyepiga mkuki wa kwanza anachukua kidari na ngozi, wa pili anapewa mkono. Ukiingia bonde ambalo mwenzako yumo, unapiga mluzi. Na ukichimba shimo, unafunga fundo: mashada mawili ya nyasi, moja kila upande wa njia, unayavuta na kuyafunga pamoja katikati, kwenye kila njia inayofika pale. Anayekuja akiona fundo anajua mbele kuna shimo. Tena anajua ni la nani, kwa sababu kila mmoja alikuwa na fundo lake. Langu nilizungusha mara tatu nikapitisha gamba la mti. La Leonidas lilikuwa na kitanzi kikubwa cha kizembe kinachoning'inia, hata kipofu angelijua.

Na kwenye mahame ya mtu hukuchimba bila kumwomba. Pori lilikuwa la wote, lakini mahali mtu alipojenga palibaki pake.

Mwaka huo nilikaa miezi mitatu sijapata kitu. Leonidas alipata. Kila alipopata alituletea. Namkumbuka mara ya tatu, ameegemea mlango wetu, mbwa wake nyuma yake. Mbwa huyo aliitwa Karani, kwa sababu alinusa kila kitu na hakufanya kazi yoyote. Alivaa kengele ya mti shingoni.

"Shemeji Benedicta," alimwambia mke wangu, "mkuki wa huyu bwana nimeuona leo. Buibui wamezaa juu yake."

"Waache wazae," Benedicta alisema. "Angalau kuna kinachozaliwa kwa mkuki huo."

"Nyinyi chekeni," nikasema. "Siku moja mtakula pofu mpaka muombe maharage."

"Pofu? Swala mkubwa kama ng'ombe?" Leonidas alicheka. "Gozbert, wewe umpate kwanza sungura mgonjwa. Tukishamla huyo ndipo tuzungumze habari za pofu."

Alituachia paja zima. Nilisema ahsante. Nilikuwa nimechoka kusema ahsante. Watu wanadhani kupewa ni raha. Mtu akikupa mara moja unafurahi, mara ya pili unaona haya, mara ya tatu unalala ukimchukia kidogo ingawa hajakukosea.

Siku chache baadaye nilipita kwenye mahame yake nikaona nyayo za pofu. Nyingi. Walikuwa wanakuja kulamba udongo wa zizi la zamani, maana mkojo wa mbuzi wa miaka mingi uliacha chumvi ndani yake. Mahali pa shimo palijionyesha penyewe, kwenye kona ambapo njia ya kisima inaingia zizini. Kaburi la mtoto lilikuwa hatua kama kumi na tano kutoka hapo.

Nilipaswa kwenda kwa Leonidas nimwambie: ndugu yangu, kwako kuna pofu, niruhusu. Sikwenda. Ningewezaje kumwomba nimwage damu karibu na mwanawe? Na hata angekubali, pofu huyo angekuwa amenipa yeye tena. Mimi nilitaka wangu. Nilipanga nimuue, nimpelekee Leonidas mguu wa nyuma mlangoni kwake, nimtanie kuhusu sungura mgonjwa, halafu ndipo nimwambie nilipompata. Nilijua angekasirika siku mbili. Kisha angekula.

Nilichimba siku mbili. Chini nilisimika vijiti vinne vilivyochongwa, nikafunika juu kwa fito, nyasi na udongo. Kazi nzuri, kama mtu anaweza kusema hivyo.

Fundo sikufunga. Fundo lingesema ni mimi. Kama Leonidas au mwindaji mwingine angepita, angeona mizunguko mitatu na gamba la mti kwenye mahame ya rafiki yangu, na jioni habari ingekuwa imefika Nemba. Nikajiambia nani anapita pale? Wenye vyeti tulikuwa saba na wengine wote walipaepuka kwa heshima. Leonidas mwenyewe aliniambia hataki kupaona. Nilimwamini.

Kumbe alikuwa anakwenda kila mwezi. Alimwambia mkewe anakwenda kuwinda, sisi akatuambia hivyohivyo, naye alikwenda kupalilia kaburi.

Siku ya nne nilitoka asubuhi kukagua. Jua lilikuwa limepanda nilipofika kwenye migomba, nikasikia kengele ya mbwa. Nikajua kengele ile. Nikasimama. Nilifikiri ameligundua shimo langu na sasa nitatukanwa. Hilo ndilo lililonipa hofu, matusi.

Karani alikuja akanizunguka na kurudi. Kisha nikasikia sauti kutoka ardhini.

"Nani? Usisogee. Kuna shimo hapa."

Nilipiga hatua moja mbele.

"Nani hapo? Angalia miguu yako, nimekwambia kuna shimo."

"Ni mimi, Leonidas. Gozbert."

"Gozbert. Mungu mkubwa. Pitia upande wa zizi, huku ukingo umemeguka, usije ukaniangukia. Nimeumia vya kutosha, sihitaji na uzito wako."

Kijiti kimoja kilikuwa kimeingia kwenye paja na kutokea upande wa pili. Alikuwa amekaa hivyo tangu jana yake mchana. Mkononi alishika jembe dogo la palizi. Niliteremka, nikakikata kijiti kwa kisu, nikamfunga shuka langu. Hakupiga kelele. Aliuma mpini wa jembe.

Nilipomtoa na kumlaza kwenye nyasi akaniuliza, "Umejuaje niko huku?"

"Nimesikia kengele."

"Mbwa huyu amefanya kazi mara moja maishani." Alifumba macho. Kisha akasema, "Hawakufunga fundo, Gozbert. Nilipita njia ya kisima, macho yangu yako wazi. Hakuna kitu."

"Labda watu wa kutoka mbali," nikasema. "Watu wa Murusagamba huko."

"Nao hufunga. Nimewinda nao. Wanafunga vizuri kuliko wewe. Labda nyani alifungua. Nyani hucheza na nyasi."

Nilipaswa kusema wakati ule. Tulikuwa wawili tu na mbwa. Mdomo wangu ulifunguka, nikasema, "Labda nyani."

Nilimbeba mgongoni mpaka nilipokutana na warina asali, tukatengeneza machela, tukafika Nemba jua linazama. Mganga wa zahanati alisafisha kidonda, akatikisa kichwa, akasema kimechelewa na kina udongo ndani. Siku tano za kwanza Leonidas alikula uji na kunitania. Siku ya sita taya lilianza kukaza. Wenye kujua pepopunda wanajua inavyokuwa. Sitaeleza.

Kabla taya halijafunga kabisa aliniita niiname. "Nenda kafunge fundo pale," alisema meno yamebana. "Asije akaanguka mwingine. Ukipata nafasi ulifukie, lakini kwanza fundo."

Nilikwenda siku hiyohiyo. Nilifunga kwenye njia zote mbili zinazofika pale. Mikono yangu haijui fundo jingine, kwa hiyo nilifunga mizunguko mitatu na gamba la mti. Siku iliyofuata mzee Protasi, mkubwa wetu wa porini, alikwenda na wenzake kulitazama shimo. Aliporudi nilimkuta nje ya zahanati.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Tumeona fundo lako kule. Umefanya la kiungwana, Gozbert. Aliyechimba hakuwa na adabu ya kufunga, wewe umemfungia." Alinishika bega. "Tukimjua huyo mtu, hatapiga mluzi tena katika bonde lolote la huku."

Leonidas alikufa siku ya tisa, mchana, watu wakiwa wanarudi kutoka shamba. Nilikuwa mmoja wa waliochimba kaburi. Watu walisema nichimbe taratibu, nitaumia. Nilichimba haraka.

Matanga yalipokwisha, Ildefonsa, mjane wake, alikuja kwangu. Alikuwa mwanamke mrefu, wa maneno machache. Mkono mmoja alishika kamba ya Karani, mwingine mkuki wa mumewe. Ndiyo desturi: mwindaji akifa, mbwa na mkuki hupewa mwenzake wa porini, yule waliyegawana naye nyama. Benedicta alimwekea kigoda akaingia ndani kutafuta maji ya kunywa.

"Vipokee," Ildefonsa alisema. "Alisema ni vyako. Alisema mbwa usimwamini, ila mkuki ni mzuri."

Sikunyoosha mkono.

"Shemeji, vipokee, mkono umechoka."

"Shimo ni langu," nikasema.

Alinitazama kama mtu ambaye hakusikia.

"Nililichimba mimi. Nilitaka pofu wa pale zizini. Sikufunga fundo kwa sababu Leonidas angejua."

Benedicta alikuwa ametokea mlangoni na kata ya maji. Hakuiweka chini, hakuileta. Maji yalikuwa yanadondoka mguuni kwake. Ildefonsa alikaa kwenye kigoda, mkuki mapajani. Nilidhani atalia au atanipiga nao. Ningesimama palepale.

"Kwa nini hukumwomba?" aliuliza.

"Niliona haya. Kwa sababu ya mtoto. Na alikuwa ametupa nyama mara nyingi."

Alizungusha kamba ya mbwa kidoleni.

"Angekupa," alisema. "Angekuonyesha na mahali pa kuchimba, mbali na njia ya kisima."

Aliinuka akaondoka na mbwa na mkuki. Kengele ile niliisikia mpaka ilipofika kwake.

Nilingoja Protasi na wenzake waje. Hawakuja wiki hiyo, wala mwezi ule. Ildefonsa hakumwambia mtu. Benedicta naye hakusema, hata kwangu, na chakula alikiweka mbele yangu bila neno. Nilimpelekea Protasi cheti changu mwenyewe nikamwambia siwindi tena. Akafikiri ni huzuni. Akasema baki nacho, hujui mwezi ujao moyo utageuka vipi. Hapo pia ningeweza kusema. Sikusema, na msomaji asinisifu kwa yale niliyomwambia mjane.

Mvua za vuli zilipokatika Ildefonsa alikuja tena. Alibeba jembe dogo lilelile.

"Una cheti bado?"

"Ninacho."

"Nipeleke kwa Adelfina. Nyasi zitakuwa zimemfunika, na mimi peke yangu hawaniruhusu."

Tulikwenda. Nilitangulia, nikipiga ardhi mbele yangu kwa fimbo kila hatua, yeye nyuma. Shimo nilikuwa nimelifukia, ila mvua zilikuwa zimeshindilia udongo ukatitia, ukabaki mbonyeo wenye maji. Alilipita bila kulitazama. Nilisimama kwenye zizi, naye akapalilia, akachomoa magugu kwenye maua mekundu moja moja. Kulikuwa na nyayo mpya za pofu kila mahali.

Alipomaliza alikung'uta magoti, akatangulia yeye. Hakurudi kwa njia tuliyojia. Alishika njia ya kisima. Mahali njia hiyo inapotoka kwenye migomba, hatua thelathini kabla ya zizi, alisimama. Fundo nililofunga baadaye lilikuwa limeoza kwa mvua.

"Hapa ndipo ungefunga?"

"Ndiyo. Hapa."

"Funga."

"Ildefonsa, shimo halipo tena."

"Najua. Funga."

Nilipiga magoti. Nilivuta shada la kulia, nikavuta la kushoto, nikazungusha mara tatu. Gamba la mti lilinikatikia mkononi mara mbili, na mara zote mbili alingoja mpaka nikabandua jingine. Nilipomaliza aliinama akalijaribu kwa kidole kama limekaza. Kisha akaliruka, akaendelea na njia.