Maji Yasiyo na Mwenyewe

Vita vya shifta, waasi wa kaskazini mashariki mwa Kenya, vilikuwa vimepamba moto Mahat aliporudi Garissa kutoka mbuga ya Aberdare, alikopanda milima na bosi wake kutazama maporomoko ya maji. Moja kwa moja akaenda kuposa. Mzee Olow, baba wa Nurto, msichana aliyemposa, akamuuliza habari za safari.

"Maji yanaanguka mchana na usiku, mzee."

"Ya ukoo gani?"

"Hayana mwenyewe."

"Ngamia wananyweshwa kwa zamu?"

"Hakuna ngamia. Watu hutazama tu, kisha hushuka."

"Wallahi, binti yangu haolewi na mwongo!"

Mahat akakohoa. "Nilisahau, mzee. Kuna koo mbili. Waligombania zamu, wakatwangana kwa fimbo."

Olow akatabasamu. "Sasa unasema kweli, mwanangu. Haya, tuzungumze mahari."