Mkebe wa Mursik

Mwaka ule wa 1957 mume wangu Wepukhulu alikuwa fundi wa bomba kule bondeni Naivasha, mahali wazungu walikuwa wakichimba visima vya mvuke. Mimi nilibaki nyumbani Kimumu. Majirani walinicheka ati huyo Mbukusu wangu hataweza mursik, maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa. Akaizoea kunishinda.

Likizo moja alinikuta nikipaka kibuyu mkaa kwa ndani, machozi ya moshi yakinitoka. Akanionea huruma. Akaenda mjini Eldoret kwa duka la Mhindi, akaniletea mkebe wa chuma unaong'aa. Mama hakunifundisha kuweka maziwa kwa chuma, lakini niliupokea. Likizo iliyofuata ilipokaribia nikaigandisha mursik humo, ajue nimeipenda zawadi yake.

Alipofika nikammiminia. Akanywa kidogo, akanywa tena. Nikamuuliza kama ni tamu, akaitikia kwa kichwa. Nilipoonja mwenyewe, ilikuwa chuma tupu. Nikamnyang'anya kikombe, tukacheka mpaka nikakaa chini.

Halafu akaingiza mkono ndani ya mkebe akapapasa, na kicheko kikamwisha. Nje ulikuwa bado unang'aa. Ndani, ule ukali wa maziwa ulikuwa umeuchimba vishimo.

Akaniambia polepole kwamba mvuke wa kisima chao una tindikali, unakula bomba kutoka ndani. Walikuwa wakiteremsha maji ya magadi kuupunguza ukali. Sasa magadi yameisha, na msimamizi amesema vali ya kuachilia mvuke ifunguliwe hivyo hivyo, bomba ni zima. Hata yeye aliliangalia kwa nje akakubali.

"Nani anafungua hiyo vali?" nikauliza.

"Ni mimi. Jumatatu."

"Na bomba likipasuka?"

Akauweka mkebe chini.

"Usifungue, Baba. Wacha wakufukuze."

"Tutakula nini, Jelagat?"

"Tutalima. Mimi nataka wewe."

Akarudi kazini. Siku hizo kila aliyepita barabarani nilimtazama miguu kwanza, kama ni mwendo wake.

Jioni moja akaja, sanduku begani. Alikataa kufungua vali mpaka magadi yaletwe. Msimamizi akamwita fundi mwingine, huyo naye akakataa, kisima kikaachwa kimefungwa. Alisimama nje ya mlango kama mgeni.

"Nimefukuzwa," akasema, macho chini.

Nikalipokea sanduku, nikamwambia aingie aoge, maji yamepata moto.