Kola Yako Nimeinyoosha

Kila Jumamosi saa tisa alasiri fundi saa alifunga nusu ya mlango wa duka lake, akapanda juu ya kigoda na kuzisimamisha saa zote za ukutani, moja baada ya nyingine. Zilikuwa thelathini na nane. Saa zikitembea, alisema, zinamchanganya mpiga ngoma. Kisha alitoa mashine ya santuri chini ya kaunta, akaiunganisha na spika moja aliyoitengeneza mwenyewe kwa sanduku la mbao, akapanga viti.

Wasikilizaji walikuwa kumi na mmoja, na kila mmoja alitakiwa kuja na wimbo ambao wenzake hawajapata kuusikia. Lebo ya santuri ilizibwa kwa plasta ya kidonda, ili mtu asije akaupenda wimbo kwa sababu ya jina. Wimbo ulichezwa mara mbili, watu wakiwa kimya. Ndipo walipobishana, wakabahatisha mwimbaji ni nani, na mwishowe plasta ikabanduliwa na Katibu akaandika kwenye daftari.

Katibu alikuwa karani mstaafu wa vizazi na vifo. Kwa miaka thelathini na mmoja aliandika watu wakiingia duniani na wakitoka, na hakuwahi kumwandika mtu kwa kusikia tu. Katika chama hiki alikuwa na kanuni moja, ameibandika ndani ya jalada la daftari: kinachoandikwa ni kile kilichoandikwa kwenye lebo. Daftari lilikuwa na nyimbo mia sita na kumi na nne, na hapakuwa na neno hata moja lililofutwa. Alijivunia hilo kuliko wanawe.

Wimbo wa mia sita na kumi na tano uliletwa na mkunga. Aliuokota sokoni kwenye rundo la santuri kuukuu, katikati ya hotuba za watu waliosahaulika. Aliusikiliza mara moja nyumbani akiwa amesimama, na mboga ikaungua jikoni.

"Leo nimewaletea kitu," alisema, akaketi akiwa amekumbatia mkoba wake.

Sindano ikashushwa. Gitaa liliingia, la pili likalijibu, ngoma ikafuata taratibu. Pale sauti ya mwimbaji ilipotakiwa kuingia, iliingia kutokea mlangoni.

Mlangoni alikuwa amesimama mpiga pasi wa kwa dobi, duka la pili kutoka hapo, aliyemletea fundi saa mashati yake. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mkono wa kulia umekomaa kuliko wa kushoto, na mtaa mzima ulimwita Mama Pasi. Mashati matatu yalikuwa mkononi mwake yakining'inia, kinywa chake kilikuwa wazi, na wimbo ulikuwa unatoka humo.

*Kola yako nimeinyoosha, moyo wako umejikunja.
Mikono nimeipanga vizuri, imekwenda kumkumbatia mwingine.*

Fundi saa alipapasa waya nyuma ya spika, akaona hauna tatizo, akarudi kukaa. Mtu mmoja aliyapokea yale mashati yasije yakachafuka. Mwingine alisogeza kigoda, kwa kuwa kanuni ilitaka wimbo urudiwe, na mara ya pili Mama Pasi aliimba akiwa ameketi.

Ulipokwisha hakuna aliyebisha. Katibu alibandua plasta, akavaa miwani. "Mtunzi: Jemadari," alisoma. "Waimbaji: Jemadari na Bendi yake."

"Mzee Katibu, huyo si Jemadari," mkunga alisema. "Huyo ni Mama Pasi. Kaimba hapa hapa mbele yetu."

"Nimemsikia. Ameimba vizuri sana."

"Wimbo ni wangu," alisema Mama Pasi.

Akaeleza bila kupandisha sauti, kama mtu anayeagiza maji ya wanga ya kukazia kola. Alipokuwa na miaka kumi na tisa alikuwa akipiga pasi sare za bendi ya Jemadari, na kazini alipenda kuimba mambo aliyojitungia. Siku moja mchana mwimbaji wa bendi alivimba koo, wakamvuta yeye studio na aproni yake. Aliimba mara moja tu. Wakampa soda ambayo haikuwa baridi, wakamwambia, "Tutakuita." Hadi leo hawajamwita. Ila tangu santuri ile itoke, kila inapochezwa popote pale, sauti humrudia yeye ili ichukue pumzi. Enzi redio ilipoupenda wimbo huo hakuwahi kumaliza sahani ya chakula. Mama yake alimpeleka kwa madaktari watatu, na wote wakasema mapafu ni mazima. Baadaye wimbo ulisahaulika, naye akapata miaka ishirini ya kupumua kwa raha. Hiyo ndiyo faida pekee aliyowahi kuipata kwenye muziki.

"Sitaki makubwa," alisema. "Nataka hapo penye jina la mwimbaji liandikwe jina langu." Akalitaja, lote, pamoja na la baba yake na la babu.

Katibu alimsikiliza kwa adabu, kalamu ikiwa na kifuniko chake. "Mama, una lebo?"

"Lebo ya nini?"

"Yoyote yenye jina hilo."

Hakuwa nayo. Katibu akafungua kalamu, akaandika: Jemadari.

Ubaya ni kwamba waliupenda wimbo. Wangeuchukia, Mama Pasi angerudi kwenye meza yake siku ile ile na dunia ingeendelea kumsahau kwa amani. Lakini msikilizaji wa kweli akipata wimbo hawezi kukaa nao peke yake, utamuwasha kama upupu. Fundi saa aliuingiza kwenye simu, akawatumia wasikilizaji wenzake wa miji mingine, akaandika chini yake: *Sikilizeni hii, halafu mniambie.* Nao wakawatumia wenzao. Baada ya wiki mbili wimbo ulikuwa unachezwa kwa vinyozi, kwenye foleni za benki na kwenye harusi za watu wasiojua hata pasi inashikwaje.

Mama Pasi aliimba asubuhi, aliimba mchana, aliimba akipiga mswaki. Watu wawili walipoucheza kwa kupishana dakika moja, ubeti wa kwanza na wa tatu zilimtoka kwa pamoja, na siku hizo alikwenda nyumbani akiwa ameshika mbavu. Wasikilizaji wa mbali waliandika kwamba kwenye nakala yao kunasikika mvuke unaofoka, na kwamba jana mwimbaji alikohoa kwenye ubeti wa pili. Katibu aliwajibu wote kwa mwandiko mzuri kwamba santuri za zamani ndivyo zilivyo.

Na mtu hawezi kuimba kwa pumzi zote huku akiitazama pasi. Shati la kwanza liliungua mgongoni, la pili kifuani. Lilipofika la saba dobi alimwita kando.

"Mama, mimi sina ugomvi na muziki," alisema. "Nina ugomvi na mashati."

"Waambie wasiucheze."

"Niwaambie nani, mama yangu? Hata mke wangu anaucheza."

Akamhamishia kwenye kukunja mashuka, lakini shuka hukunjwa na watu wawili, na mwenzake alilalamika kwamba anapigiwa kelele usoni. Mwisho wa mwezi hakuwa na kazi. Miaka thelathini na tano alinyoosha makunyanzi ya watu, akaondoka na aproni.

Hapo ndipo chama kilipomwalika Jemadari kuwa mgeni rasmi.

Alikuja mchana wa Jumamosi, mzee mnene mwenye suti nyeupe na fimbo. Wasikilizaji walisimama. Mama Pasi, aliyekuja bila kualikwa na kuketi karibu na mlango, aliitazama kola yake akaona imepigwa pasi kwa kuanzia katikati kwenda pembeni, jambo linaloacha mikunjo miwili kwenye ncha.

Fundi saa alimuuliza mgeni wimbo ulimjia vipi.

"Ulinijia nikitafakari," Jemadari alisema. "Kola ni fumbo. Kola ni taifa. Moyo ni uongozi."

"Kola ni kola," Mama Pasi alisema.

Watu walicheka kidogo wakidhani anatania. Mtu ambaye hajui pasi ina upande gani wa moto alikuwa anamfundisha mwenye makovu saba ya pasi maana ya kola, na watu kumi wenye masikio mazuri kuliko wote mjini walikuwa wanatikisa vichwa kwa kukubali. Mkunga peke yake alikunja uso.

Santuri ikawekwa. Safari hii Mama Pasi alikuwa amejipanga. Alichukua kitambaa, akakikunja mara nne, akakiuma kwa meno na kuibana midomo. Gitaa likaingia, la pili likajibu, ngoma ikafuata, na pale penye sauti pakawa pamebaki pengo. Ngoma iliendelea kulizunguka pengo hilo. Mashavu ya Mama Pasi yalijaa, mishipa ya shingo ikamsimama.

"Mzee Jemadari, tuzibie basi," mkunga alisema. "Wimbo si wako?"

Jemadari aliinuka kwa msaada wa fimbo. Aliimba, "Kola yako nimeinyoosha." Mstari uliofuata aliuimba kwa mluzi. Wa tatu ulipofika aliomba maji. Wote waliona, wala hakuna aliyekuwa na mtu mrefu mbele yake. Akaletewa maji, akanywa, akaketi, na watu wakampigia makofi kwa heshima ya umri wake.

Katibu aliandika kwenye safu ya maoni: *Santuri imechakaa mahali pa sauti.*

Mama Pasi alistahimili hadi kibwagizo cha pili. Mwanadamu lazima apumue. Kitambaa kilimdondoka, na wimbo ukatoka kuanzia pale santuri ilipofika, mkubwa kuliko spika, hata vioo vya saa vikatetema ukutani. Jemadari alifumba macho akautikisia kichwa. Alisema baadaye kwamba siku hiyo aliusikia wimbo wake kama mpya.

Mgeni alipoondoka mkunga alibaki amesimama mbele ya meza ya Katibu. "Mimi nimezalisha watoto elfu na kitu," alisema, "na kila mmoja nimemjua mama yake kwa sababu nilikuwepo akitoka. Leo wewe ulikuwepo. Umeona kwa macho yako."

"Kuona si kazi yangu, dada. Kazi yangu ni kuandika."

"Basi andika ulichoona."

"Nikiandika nilichoona huu mmoja, zile mia sita na kitu zingine nitamwambia nini mtu akiniuliza?"

"Mnyonge mnyongeni, Mzee, lakini haki yake mpeni."

"Nani kamnyima?" Katibu aliumia kweli. "Kazi hana, tunamkaribisha. Aje kila Jumamosi. Tutamwekea kiti chake mbele kabisa."

Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Mkunga alichukua mkoba wake akaenda zake, na Jumamosi iliyofuata hakuja wala hakutuma wimbo.

Mama Pasi alikuja. Kukaa nyumbani hakukumsaidia kitu, maana sauti haikuwa na haja ya mlango, na hapa angalau alipata chai. Kiti kiliwekwa ubavuni mwa lile sanduku la mbao, mahali ambapo fundi saa, baada ya kujaribu kona zote nne, aliona besi na sauti vinakutana sawasawa. Aliomba jina lake liandikwe Jumamosi hiyo, na iliyofuata, na iliyofuata. Kila mara Katibu alimsikiliza hadi mwisho.

Wiki ya nne mgeni mmoja alikosea akakikalia kiti kile, na sauti ikatokea nyuma ya watu, karibu na ndoo ya taka. Wasikilizaji hawakupenda. Katibu alikata kipande cha karatasi, akaandika kwa herufi kubwa zilizonyooka, akakibandika kwenye mgongo wa kiti kwa plasta ya kidonda, ili kosa lisirudiwe.

Mama Pasi alifika, akasimama nyuma ya kiti, akasoma. Iliandikwa SPIKA. Kona moja ya karatasi ilikuwa imekunjika. Aliilainisha kwa kidole gumba mpaka ikalala, kwa kuwa hakuweza kuuacha mkunjo, kisha akazunguka akakaa.

Fundi saa alisimamisha saa ya thelathini na nane, sindano ikashuka, wakausikiliza mara mbili. Ulipokwisha, Katibu alifungua ukurasa wa mali za chama, ambao ulikuwa haujaguswa tangu mwaka juzi. Akaandika mashine ya santuri, moja. Akaandika viti, kumi na viwili. Akainua macho kukitazama kile cha mbele, akasoma lebo yake, na kwa uaminifu ule ule wa miaka thelathini na mmoja akaandika spika, mbili.