Shimo Katikati ya Mafunjo

Mtu akikuambia bibi mwenye bustani hii hakuwa na majivuno, usimsadiki hata kidogo. Mafunjo yake yalizunguka kidimbwi nyuma ya nyumba, marefu kumpita, vichwa vyake timtim kama nywele za mtoto aliyetoka kuamka. Ukingoni alipanda ndago za mapambo, zile za mistari myeupe. Wapita njia walisimama nje ya ua kuzitazama, naye akajifanya hawaoni.

Tangu mjukuu wake Kibonge aanze kutembea, mkwe wake alikuwa akimsihi. "Mama, hayo majani tuyapunguze. Kibonge hatulii siku hizi."

"Mwanangu, mumeo kakulia hapo hapo. Kwani alikufa?"

Mkwe akarudi jikoni. Mkwe mwenye adabu naye ni taabu, hujui kama amekubali au amechoka.

Sasa, mafunjo yakizeeka huoza katikati, pembeni yakabaki mabichi. Dawa yake ni kung'oa kile kiini kibovu. Siku moja jioni bibi aliingia na jembe, akang'oa, akaacha shimo la maji la kumfika kiunoni. Kwa nje huoni kitu, ni ukuta wa kijani tu. Alipanga kulifukia asubuhi. Asubuhi wakaja wageni kusifia bustani, na mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Akasahau.

Saa kumi alasiri siku hiyo mkwe alitoka jikoni, mikono imejaa unga. "Mama, Kibonge yuko na wewe?"

Hakuwa naye. Wakaita, kimya. Mkwe akatimua mbio kuelekea barabarani, maana mzazi huwaza magari kwanza. Bibi hakumfuata. Kwenye tope la kidimbwi aliona kiatu kimoja chekundu, kidogo, na mashina mawili yamelalia ndani.

Yeye peke yake ndiye aliyejua kilichokuwa humo.

"Ee Mungu, nichukue mimi," alisema kwa sauti, akajitosa.

Ndago zilimchanja mikono, mashina yakamchapa usoni. Alipofika shimoni alipiga magoti, maji yakampanda kifuani, akaanza kupapasa. Tope. Mzizi. Kisha kitu laini, kizito. Alikivuta huku amefumba macho, na alipofumbua aliona ni gunia alilolisahau jana yake. Akapapasa tena. Aliogopa kukosa, na aliogopa zaidi kupata.

Mtu akapiga chafya.

Ilitoka upande wa pili, kwenye lundo la mashina aliyoyakata jana yake. Kibonge alikuwa amejilaza juu yake, mguu mmoja peku, anafikicha macho.

"Bibi, unaoga?"

"Ulikuwa wapi, mjukuu wangu? Ulikuwa wapi?"

"Nilitaka kuingia. Tope likala kiatu. Nikarudi, nikaja kulala huku."

Mkwe alifika anahema, akamnyakua mtoto, akalia kwa kwikwi. Kisha akamwona mama mkwe alivyolowa, mikono inavuja damu. "Mama! Mpaka majini umeingia kwa ajili yake! Ahsante, mama, Mungu akuweke."

Bibi angeweza kuipokea ile shukrani, ikaishia hapo. Nani angejua?

"Usinishukuru," alisema. "Njoo uone." Akayapanua mashina kwa mikono miwili. "Nimelichimba mimi jana. Sikukwambia."

Mkwe alilitazama lile shimo, maji yake bado yanazunguka. Alimkumbatia Kibonge kwa nguvu, akarudi nyuma hatua moja kutoka majini, halafu hatua nyingine, kutoka kwa bibi.