Mwairishi Hasemi Kitu

...na huyu Mwairishi naye, aseme basi, mdomo kapewa wa nini, kasimama huko kwenye skrini, kando ya ukuta wa mawe, kofia mkononi, mvua inamlowesha kama haimhusu, mbele yake binti wa posta na sanduku lake, meli inamsubiri, na Bingwa mwenyewe, mtafsiri wa filamu aliyeikimbia shule kabla ndevu hazijaota na leo maprofesa wanamsikiliza, aliyeangamiza majeshi mazima kwa ulimi wake, kakaa kwenye kichumba hiki cha kurekodia kilichobandikwa magodoro ukutani, maikrofoni puani, taa nyekundu inawaka, na hana neno... “Bingwa, umelala?” fundi mitambo huyo, kwenye hedifoni, “watu watadhani sauti imekatika”... fundi mwenyewe ndiye huyo mwanamke wa upande wa pili wa kioo, miaka mitatu anamsafishia makosa, anazijua hata pumzi zake, na Jumatatu anaanza kazi mji mwingine, keshaaga hadi mlinzi, na yeye Bingwa alimwambia nini, “utuletee zawadi,” halafu akacheka, akacheka, bwege mkubwa... kimya yeye hukijaza, ndiyo kazi, mtu akinyamaza anamtilia maneno, gari likipita analitania, lakini hapa atie nini, “nakupenda, laazizi”? atamharibia mzee wa watu, maana tazama anavyoizungusha ile kofia, vidole vya kuchimba viazi, taratibu, kama anaogopa itavunjika, lo, hawa watu wanajua kutengeneza filamu, hakuna ngumi, hakuna busu, saa nzima ni mvua na ng’ombe, na Bingwa mzima anapangusa jicho... ni vumbi la magodoro hilo... “Sema chochote bwana, hata uongo, si ndiyo fani yako?” anamcheka, kile kicheko cha puani, Jumatatu kitakuwa cha nani... binti ameshainua sanduku, hageuki, anasubiri neno, wala si zuri, lolote, na Mwairishi anameza mate, anapendeza akimeza mate, kamera inampenda, lakini jamani, binti hali kofia huyo, anaondoka... “Bingwa, nakata turudie.” “Usikate.” Sauti ikamtoka ndogo, wala si ile ya kuangamiza majeshi. “Huyo muachie kimya chake, kinamfaa. Mimi nina neno langu, fundi, na si la filamu.” Taa nyekundu bado inawaka, mvua bado inanyesha kwenye skrini, na nyuma ya kioo hakuna anayecheka tena.